Mkongo au mkonga?

Wilayani Kilwa gesi ya Songo Songo ina bomba na umeme una waya, ila njia ya intaneti ina majina mawili. Serikali huandika Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Wengi husema mkonga, kama wa tembo. Safu hii inapendelea mkonga, maana unaonekana.

Mafundi wa mitandao ya zamani ya kompyuta walisema kebo tu. Ile nyembamba ya koaksia, isiyozidi mita 185 kwa kipande, ilipita kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kiungo kimoja kikilegea, ofisi nzima ilikwama!

Mkonga nao hukatika: tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, intaneti ya Tanzania ikasuasua.