Kusoma Kiingereza Mpakani: Safari ya Watoto wa Songwe

Mtoto wa Tunduma anapofungua kitabu chake cha kwanza cha Kiingereza, mara nyingi hiyo huwa lugha yake ya tatu, na pengine ya nne. Nyumbani huenda wanazungumza Kinyamwanga. Kama wazazi walihamia kutafuta biashara kutoka Mbozi, Ileje au Rungwe, basi ni Kinyiha, Kindali au Kinyakyusa. Mtaani na sokoni kinachotawala ni Kiswahili, na Kibemba hakiko mbali, kwa kuwa Nakonde ya Zambia iko ng'ambo tu ya mpaka. Kiingereza hukutana nacho kwa vipande, kwenye vibao vya forodha na ubavuni mwa malori yanayosubiri kuvuka. Juhudi za kumsaidia mtoto wa namna hii zina umri mkubwa kuliko Mkoa wa Songwe wenyewe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na hazieleweki vizuri kwa kutazama upande mmoja tu wa mpaka.

Mpaka huo ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, yaliyoiacha Barabara ya Stevenson, kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, mikononi mwa Waingereza. Wanyamwanga wakajikuta wamegawanywa. Upande wa kusini, misheni ya Livingstonia ya Waskoti ilifungua kituo Mwenzo katika miaka ya 1890. Upande wa kaskazini, Wamoravian waliokuwa wamefika Rungwe mwaka 1891 waliingia Mbozi mwaka 1899. Huko Mbozi, mmisionari Traugott Bachmann alijifunza Kinyiha, akakiandika, akakitumia kutafsiri Maandiko, na wanafunzi wa misheni wakaanza kusoma kwa lugha hiyo. Shabaha yake ilikuwa Injili, lakini njia aliyoifuata ilikuwa na faida ambayo shule za baadaye ziliipoteza: aliyefaulu kutamka neno alilolisoma alijua papo hapo maana yake, kwa sababu alikuwa akilisema tangu utotoni.

Kiingereza kilikuja baada ya hapo, na kwa wachache. Kijana wa Mwenzo aliyefanya vizuri alipelekwa Overtoun Institution, chuo cha misheni huko Livingstonia, na huko ndiko alikokutana na Kiingereza cha kweli. Donald Siwale, Mnyamwanga, alipitia njia hiyo, akarudi kufundisha Mwenzo. Yeye na wenzake, akiwamo David Kaunda, baba wa rais wa kwanza wa Zambia, walikuwa na wazo la chama cha kutetea wenyeji tangu mwaka 1912, na mwaka 1923 Mwenzo Welfare Association ikaanza kazi rasmi. Kusoma na kuandika Kiingereza kukawa silaha ya kuzungumza na serikali kwa lugha yake. Hata hivyo, historia hii ni ya waliofika. Shule za wakati ule hazikuwa na utaratibu wa kumfuata aliyekwama. Aliyeshindwa kitabu alirudi shambani au akaenda kutafuta kibarua, na jina lake halikuandikwa popote.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Tanganyika ilikabidhiwa kwa Waingereza. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes ilitembelea Afrika Mashariki mwaka 1924, na mwaka uliofuata mkutano wa elimu ulifanyika Dar es Salaam. Utaratibu uliotokana na miaka hiyo ulidumu muda mrefu: madarasa ya chini kwa Kiswahili, Kiingereza kwa watakaoendelea. Katika shule za vijijini mtoto alisoma miaka minne kwa Kiswahili, na wengi waliishia hapo. Waliochaguliwa kuendelea walikwenda mbali na kwao, baadhi hadi Malangali, shule ya serikali iliyofunguliwa mwaka 1928 chini ya W. B. Mumford. Kwa hiyo katika kipindi chote cha ukoloni, mtoto mdogo wa kawaida wa Unyiha au Unyamwanga hakuhangaika na kitabu cha Kiingereza, kwa sababu hakupewa.

Mgawanyiko mkubwa ulikuja baada ya uhuru, na ndiyo sehemu ya historia hii inayostahili kutazamwa kwa karibu. Mwaka 1967, pamoja na sera ya Elimu ya Kujitegemea, Tanzania ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule yote ya msingi, na Kiingereza kikabaki somo moja kati ya mengine. Zambia ilichagua kinyume. Sheria yake ya elimu ya mwaka 1966 ilifungua njia ya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, kwa vitabu vilivyoitwa New Zambia Primary Course. Watoto wawili wa ukoo mmoja, mmoja Tunduma na mwingine Nakonde, wakawa wanasoma kwa kanuni mbili zinazopingana, huku bibi yao akizungumza nao lugha ileile.

Upande wa Tanzania, Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Lilikuwa jambo la haki na lilileta watoto wengi darasani, lakini walimu hawakutosha. Wengi waliokuja kuitwa walimu wa UPE, yaani wa mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, walikuwa wamemaliza darasa la saba na kufunzwa kazini, na baadhi yao walipangiwa kufundisha Kiingereza wakati wenyewe hawakuwa wamewahi kusoma kitabu kizima kwa lugha hiyo. Haikuwa kosa lao. Walichoweza kufanya ni kuandika sentensi ubaoni na darasa zima kuitikia kwa sauti moja, na ndani ya sauti hiyo mtoto asiyejua hata herufi moja aliweza kujificha miaka saba.

Tatizo lilipogunduliwa, liligunduliwa juu mno. Tume ya elimu ya Jackson Makweta, iliyotoa taarifa yake mwaka 1982, ilipendekeza sekondari zihamie Kiswahili; serikali haikukubali. Mwaka 1984 Clive Criper na Bill Dodd walipima Kiingereza cha wanafunzi na kuonyesha kwamba wengi wa sekondari hawakuweza kusoma vitabu vyao vya masomo. Mradi uliofuata, kuanzia 1987, ulipeleka shuleni vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa na kupangwa kwa viwango. Ulikuwa msaada mzuri, lakini uliwafikia vijana wa sekondari, wakati waliohitaji kushikwa mkono walikuwa watoto wa miaka minane na tisa.

Ugumu wa mtoto huyo una sura yake. Amejifunza kusoma Kiswahili kwa silabi, ba be bi bo bu, na kila irabu ina sauti moja isiyobadilika. Ni njia inayofaa, na mtoto anayefundishwa vizuri huishika mapema. Anapoipeleka kwenye Kiingereza, neno "name" hulisoma na-me, na "come" huwa ko-me. Akiambiwa amekosea hajui amekosea wapi, kwa sababu amefuata sheria aliyofundishwa. Watoto wengi wa ukanda huu pia huchanganya l na r, hivyo "rice" na "lice" masikioni mwao ni neno moja. Zaidi ya yote, hata akitamka sawasawa, mara nyingi neno lenyewe hajawahi kulisikia likitumika. Mwalimu anayeona haya yote kuwa uvivu atamchapa. Anayeona kuwa ni kanuni ya lugha moja iliyovamia nyingine atamfundisha kusikiliza kwanza, kisha kutazama jozi za maneno yanayofanana, kisha kusoma sentensi fupi ambazo tayari anaweza kuzisema.

Zambia ndiyo iliyokubali mapema zaidi, kwa uchungu, kwamba mtoto aanze kusoma kwa lugha anayoisikia. Utafiti wa mwaka 1995 wa SACMEQ, muungano wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika wa kupima ubora wa elimu, ulionyesha kwamba baada ya miaka mitano ya kufundishwa kwa Kiingereza, takriban robo tu ya wanafunzi wa darasa la sita walisoma kwa kiwango cha chini kilichokubalika. Sera ya mwaka 1996 ikaruhusu kuanza kusoma kwa lugha za nchi. Majaribio yalifanyika mwaka 1998 kwa Kibemba, Kasama na Mungwi, katika Jimbo la Kaskazini, ambalo Nakonde nayo ilikuwa sehemu yake wakati huo. Darasa la kwanza lilitengwa kwa ajili ya kusoma kwa lugha ya Kiafrika, saa moja kila siku, na la pili likawa daraja la kuvukia kwenda Kiingereza. Watoto walipangwa katika vikundi kulingana na kasi yao. Mwalimu aliketi na kikundi kimoja kwenye mkeka kando ya ubao, watoto wakishika kadi za maneno na kupanga sentensi waliyoitunga wenyewe, na wengine wakiendelea na kazi zao madawatini. Kwenye mkeka ule hapakuwa na kuitikia kwa pamoja: kila mtoto alisikika peke yake. Matokeo yalikuwa mazuri kiasi kwamba mpango ulienezwa nchi nzima kwa lugha 7. Kinyamwanga hakikuwamo, kwa hiyo mtoto wa Nakonde alianza kusoma kwa Kibemba, lugha ya jirani. Lakini ilikuwa lugha aliyoisikia mtaani, na hilo lilitosha kuleta tofauti.

Tanzania ilikuja kuamshwa na Uwezo. Kuanzia mwaka 2010 wapimaji wa mpango huo walikwenda nyumba kwa nyumba na karatasi yenye herufi, maneno, aya na hadithi ya kiwango cha darasa la pili, wakimsikiliza mtoto mmojammoja mbele ya wazazi wake. Katika darasa la tatu, walioweza kusoma hadithi ya Kiingereza hawakufika mmoja kati ya kumi. Hata katika darasa la saba ilikuwa karibu nusu tu. Kiswahili chenyewe kilikuwa kinayumba, na mwaka 2012 serikali ilitangaza kwamba maelfu ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma. Mtaala wa mwaka 2015 ukarudisha madarasa mawili ya kwanza kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, na Kiingereza kikaanza darasa la tatu. Uamuzi huo ulilaumiwa na wazazi wengi, lakini ulikuwa sahihi: asiyesoma Kiswahili anachokisema hawezi kutegemewa asome Kiingereza asichokisema. Kasoro ilikuwa upande wa pili. Mtoto aliyefika darasa la tatu bila KKK alikabidhiwa Kiingereza juu ya pengo hilo, na mafunzo rekebishi yalitegemea mwalimu atakayebaki baada ya vipindi, katika madarasa ambayo mara nyingi yalikuwa yamefurika.

Wazazi wa Tunduma wenye uwezo walikwisha kutafuta njia nyingine. Tangu milango ya shule binafsi ifunguliwe miaka ya 1990, shule za mchepuo wa Kiingereza zimeenea katika miji ya barabara kuu ya kwenda Zambia. Watoto wengi huko huzungumza mapema na kwa kujiamini. Lakini anayekwama huwa na hali ngumu zaidi, kwa kuwa hana lugha nyingine ya shule ya kukimbilia, na tuisheni ya jioni mara nyingi humrudisha kwenye kitabu kilekile kilichomshinda asubuhi. Kwa upande wa walioachwa nje kabisa kulikuwa na MEMKWA, mpango ulioanza mwaka 1999 kwa watoto waliopitwa na umri, ambao uliwakusanya katika madarasa madogo na kuwafundisha kwa mwendo wao.

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umerudisha Kiingereza darasa la kwanza katika shule zinazofundisha kwa Kiswahili. Kwa Songwe, mafanikio yake yatategemea kama mwalimu atatumia miaka hiyo ya mwanzo kwa nyimbo, maagizo na mazungumzo huku kusoma kukiachiwa Kiswahili, au kama atakimbilia kitabu. Elimu ya msingi sasa ni miaka sita, kwa hiyo walioanza mwaka huo watamaliza mwaka 2029, na katika kidato cha kwanza watafundishwa kwa Kiingereza.