Kamera Akisi na Kamera Nyoofu

Neno kioo lina kazi nyingi mno. Simu ikianguka kutoka kwenye boda boda huko Sio Port, kando ya Ziwa Victoria, kinachopasuka ni kioo. Lori lililo kwenye foleni ya mpakani Malaba likirushiwa jiwe, kinachovunjika ni kioo. Kinyozi ana kioo ukutani, mwenye miwani ana vioo viwili puani, na lenzi ya kamera, kwa mtu asiyejua jina lake, ni kile kioo cha mbele. Ndiyo maana anayekutana na maneno “kamera isiyo na kioo” ana haki ya kuuliza kilichoondolewa ni kipi: lenzi, au skrini? Si hiki wala kile. Kamera hiyo ina lenzi, na tena huitegemea sana skrini. Jina hili lilifuata Kiingereza, “mirrorless”, neno kwa neno, na likifika kwetu linasema karibu kinyume cha kitu chenyewe. Linafaa kuachwa, na badala yake tuseme kamera nyoofu.

Kioo kinachosemwa ni kimoja tu, kile cha kuakisi. Katika kamera kubwa za wapiga picha wa harusi na magazeti, mwanga huingia kwenye lenzi, hugonga kioo kilichoinama kwa nyuzi 45, hupanda hadi kwenye prizimu, kisha hufika kwenye jicho la mpigaji. Akibonyeza, kioo huruka juu, jicho linaona giza kwa kufumba na kufumbua, na hapo ndipo kihisi cha picha kinapopata mwanga. Hiyo ndiyo kamera akisi, na Nikon F ya mwaka 1959 ni miongoni mwa zilizoueneza mtindo huo duniani. Kamera nyoofu imeondoa daraja hilo la katikati: mwanga hutoka kwenye lenzi ukaenda moja kwa moja kwenye kihisi, nacho hupeleka picha kwenye skrini ndogo iliyo ndani ya kitazamio. Panasonic Lumix G1 ilifungua njia mwaka 2008, ikiwa na mwili wa gramu 385 hivi; Canon na Nikon zikaingia kwa nguvu mwaka 2018. Kuondoka kwa kioo kuliacha nafasi. Katika kamera akisi za Nikon, umbali kati ya mdomo wa lenzi na kihisi ni milimita 46.5, katika kamera nyoofu za Nikon Z ni milimita 16. Nikon D850, kamera akisi, ina uzito wa gramu 1,005 pamoja na betri. Nikon Z7, kamera nyoofu yenye kihisi cha pikseli milioni 45.7 kama cha mwenzake, ina gramu 675.

Kwa anayepiga picha za kila siku, wepesi huo ni jambo kubwa. Kamera hukaa begani kutwa nzima, hupanda mtumbwini na bodani bila kuwa mzigo. Hata hivyo, wepesi si kiini cha kamera nyoofu, na bichi ya Sio Port yaonyesha sababu. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na kukikucha huanikwa juani juu ya nyavu zilizotandazwa. Ifikapo saa sita mchana kuna uwanja mzima wa fedha inayometameta, na katikati yake mama mchuuzi mwenye uso mweusi chini ya kivuli cha leso. Kipimo cha mwanga cha kamera hutafuta wastani. Kikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, na uso wa mama huyo huzama gizani huku omena wakitoka vizuri. Mwenye kamera akisi, akichungulia kwenye kitazamio chake, anaiona bichi jinsi jicho linavyoiona, si jinsi kihisi kitakavyoiandika. Itambidi akisie, apige, atazame nyuma ya kamera, apige tena, na kufikia hapo mama ameshageuka. Katika kamera nyoofu uso unaonekana umefifia kabla ya kubonyeza. Mpigaji huzungusha gurudumu la mwanga mpaka sura itokee, ndipo apige. Faida hii haiji kwa kukosekana kwa kioo. Inakuja kwa kuwa jicho na kihisi vinaona kitu kimoja, na hilo ndilo jina zuri lingepaswa kuligusa.

Isitoshe, jina la ukosefu lina maana kwa aliyekizoea tu kile kinachokosekana. Kodak Brownie ya mwaka 1900, iliyouzwa kwa dola moja, haikuwa na kioo cha kuakisi. Leica ya 1925 vilevile. Hakuna aliyeziita kamera zisizo na kioo, maana hakuna aliyekuwa anakitarajia. Kijana wa Sio Port ambaye kamera yake ya kwanza ni simu yuko katika hali hiyo hiyo: kumwambia kioo hakipo ni kumpa habari za msiba wa mtu asiyemjua. Wafaransa walikwepa mtego huu kwa kuiita kamera chotara. Kiswahili nacho kina desturi yake ya kutaja kazi ya kitu: kipaza sauti, kinasa sauti, kiyoyozi. Hata mawasiliano ya redio, ambayo Waingereza waliyaita kwa kukosa waya, Waswahili waliyaita simu ya upepo. Waliacha waya uliokosekana wakataja njia ya sauti. Kamera nyoofu inafuata mkondo huo, kwani inataja njia ya mwanga.

Yapo mapingamizi, na moja lina uzito wa kweli: simu nayo ni nyoofu, na kamera ndogo za mfukoni pia. Nakubali. Lakini jina la zamani nalo lilizijumuisha zote, kwa kuwa hakuna simu yenye kioo cha kuakisi mwanga kuelekea kitazamio; anayetaka kutofautisha aongeze “ya lenzi za kubadilisha.” Wengine watasema “kamera nyepesi” inatosha. Haitoshi, kwa sababu ukiifungia kamera lenzi kubwa ya kupigia ndege wa kinamasi cha Mto Sio, wepesi wote umekwisha ilhali unyoofu umebaki. Wapo pia watakaosema madukani watu wanasema mirolesi na wanaelewana. Waendelee, duka halihitaji maelezo kama kitabu cha darasani kinavyohitaji. Na atakayecheka kwamba mnyoofu ni mtu mwaminifu, ilhali picha za siku hizi zimejaa hila, ninacheka naye. Unyoofu huu ni wa mwanga, si wa mpigaji.

Jina linaloonyesha njia huonyesha na gharama zake. Kwa kuwa kihisi na skrini hufanya kazi muda wote, betri huisha haraka: kwa vipimo vya kiwanda, D850 hupiga picha 1,840 kwa chaji moja, na Z7 hupiga 330. Kwa kuwa hakuna kioo mbele ya kihisi, ukibadilisha lenzi kwenye upepo wa ziwani mchanga hupata njia nyoofu ya kuingia. Mwenye kulijua hilo atabeba betri ya pili na kubadilisha lenzi ndani ya banda, mdomo wa kamera ukielekea chini. Walimu na wahariri wa Kenya, na wenzao wa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), Tanzania, wazipime istilahi hizi mbili kwa pamoja, kamera akisi na kamera nyoofu, kabla “isiyo na kioo” haijapata makao kwenye kamusi.