Kingamwili: Ngao au Shahidi?

Neno kingamwili limeundwa kwa kinga na mwili. Darasani nililifafanua kuwa ngao, nikatosheka. Historia ya Upare yanisahihisha. Kati ya 1955 na 1959, nyumba za Upare na Taveta zilipuliziwa dieldrini kuua mbu wa malaria. Dawa ilipokoma, malaria ilirejea. Mwaka 2005 watafiti walichapisha vipimo vya damu za wanavijiji, Upare Kusini ikiwamo: wenye kingamwili dhidi ya protini za vimelea walipungua kadiri mlima ulivyopanda, waliongezeka kadiri umri ulivyosonga. Vimelea huondoka, kingamwili husalia, zikieleza yaliyopita pasipo daftari. Jina lamtaja mlinzi. Shahidi tumpe neno gani?