Wanyama Ishirini na Watano

Wahenga walituusia kuwa ahadi ni deni. Sikutaraji kuukuta usia huo mbali na pwani yetu, tena ndani ya kamari, hadi niliposoma habari za mchezo wa wanyama wa Brazil.

Mchezo huo ulizaliwa Rio de Janeiro mwaka 1892. Baroni João Batista Viana Drummond alikuwa na bustani ya wanyama katika mtaa wa Vila Isabel. Ufalme ulipoanguka mwaka 1889, ruzuku ya serikali ilikatika, na wanyama walihitaji kula. Baroni akabuni hila: kila tiketi ya kuingilia ichorwe mnyama mmoja kati ya 25. Asubuhi mnyama wa siku hutundikwa langoni akiwa amefunikwa. Jioni hufunuliwa, na mwenye tiketi yake hulipwa mara 20 ya kiingilio. Watu wakafurika, wala si kwa kumtazama simba.

Muda si muda wachuuzi wakawauza wanyama hao mitaani. Kila mmoja akapewa namba nne: mbuni akashika 01 hadi 04, simba 61 hadi 64, na ng'ombe akafunga mlango kwa 97 hadi 00. Hapo ndoto zikageuka hesabu. Aliyeota simba usiku aliamkia namba zake.

Mwaka 1895 mchezo ulipigwa marufuku bustanini, na sheria ya mwaka 1941 ikauharamisha nchi nzima. Haukufa. Mchezaji hupewa kikaratasi ambacho hawezi kukidai mahakamani, lakini akishinda hulipwa, kwani msemo wa mchezo ni kwamba kilichoandikwa ndicho. Fukara asiyeiamini benki alikiamini kikaratasi hicho.

Naam, uaminifu huo una upande wa pili. Fedha za mchezo zilivisha vikundi vya samba mavazi ya fahari, na damu ikamwagika kwa kugombea mitaa. Mwaka 1993 Jaji Denise Frossard aliwahukumu vifungo wakuu 14 wa mchezo huo kwa kuunda genge la uhalifu.

Turudi langoni kwa Baroni. Atakayeweka shilingi moja kwa kila mnyama atatoa 25, na jioni atapokea 20. Hakudanganywa, na alichoahidiwa amepewa. Deni limelipwa barabara. Mizani ndiyo iliyopinda tangu asubuhi.