Abunuwasi Akikabidhiwa Ofisi

Katika hadithi zetu wamo watu tunaowapenda kwa sharti moja: wabaki humohumo hadithini. Wa kwanza wao ni Abunuwasi. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha ikiwa na kisufuria ndani yake, akasema imezaa. Jirani akafurahi, akavipokea vyote viwili. Siku nyingine Abunuwasi akaazima tena, na safari hii akaleta habari za msiba: sufuria imekufa. Jirani aliposhitaki alishindwa, kwani aliyekubali kwamba sufuria huzaa hana budi kukubali kwamba hufa. Sisi hucheka, na aghalabu hatuulizi watoto wa jirani yule walipikiwa katika chombo gani usiku ule.

Abunuwasi wa historia hakuwa laghai wa masufuria. Abu Nuwas alikuwa mshairi mkubwa wa Kiarabu, aliyezaliwa Ahvaz katika karne ya 8, akasoma Basra, akapata sifa Baghdad zama za Harun al-Rashid na mwanawe al-Amin. Alifariki yapata mwaka 814. Ngano zilimtwaa mshairi huyo zikamgeuza mjanja wa baraza la mfalme, na katika pwani yetu akapokewa kama mwenyeji. Watu wa pwani hawakuhitaji mashairi yake ya divai. Walihitaji mtu mmoja asiye na cheo, awezaye kusimama mbele ya Sultani na kutoka salama.

Haja hiyo inaeleweka tukiitazama hali ya wasikilizaji wa karne ya 19. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa kisheria ikafutwa Unguja na Pemba mwaka 1897. Kabla ya hapo mtumwa hakuweza kusimama mbele ya hakimu sawasawa na bwana wake. Bara nako utawala wa Wajerumani ulileta kodi na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, mambo yaliyochangia kuzuka kwa Vita vya Majimaji mwaka 1905. Mahali ambapo sheria ni mali ya mwenye nguvu, ujanja huwa ndiyo mahakama ya mnyonge. Sultani alipomwamuru Abunuwasi ajenge nyumba hewani, yeye alirusha tiara yenye kengele, kisha akawataka watu wa Sultani wawapelekee mafundi mawe na chokaa huko juu. Amri ya kidhalimu ilijibiwa kwa upuuzi uliolingana nayo.

Sungura naye alifanya kazi hiyohiyo, hata ng'ambo ya bahari. Waafrika waliotumikishwa katika mashamba ya Marekani walisimulia visa vya sungura anayewashinda wanyama wenye meno makali, na mwaka 1880 Joel Chandler Harris alichapisha mkusanyiko mashuhuri wa visa hivyo.

Walakini wazee waliotusimulia hawakuwa wajinga. Walituachia pia kisa cha kisima. Wakati wa ukame wanyama wote walichimba isipokuwa Sungura, aliyekataa kazi, kisha akawa anakuja kunywa kwa hila huku akiwalaghai walinzi mmoja baada ya mwingine. Aliyemkamata si Simba wala Tembo, bali Kobe, aliyejipaka ulimbo akajilaza majini kwa subira. Hapa aliyeibiwa si mfalme. Ni jamii iliyotoka jasho. Ujanja ni uleule, ila aliyeumizwa amebadilika, na hukumu ya msimulizi ikabadilika pamoja naye.

Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilijaribu kuuandika msingi wa kisa hicho katika siasa. Kiongozi alikatazwa kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, huko Zanzibar, chama tawala kililegeza masharti hayo. Miaka mitano baadaye, tume iliyoongozwa na Joseph Warioba kuchunguza kero ya rushwa ilitofautisha mpokeaji anayesukumwa na kipato duni na mkubwa anayesukumwa na tamaa. Wote wawili hunywa maji ya kisima, lakini mmoja ndiye aliyeshika funguo zake.

Hata hivyo, lugha yetu ya mtaani bado inawasifu pamoja. Dar es Salaam yenyewe tumeiita Bongo, kwa maana kwamba haiishiki bila akili nyingi. Anayejenga haraka kuliko mshahara wake twasema anajua kuishi. Mwadilifu anayestaafu bila nyumba twamwona mzembe. Tunampa mtumishi wa umma sifa ambazo wazee wetu walimpa mtu asiyekuwa na kitu.

Hilo ndilo kosa la hesabu. Abunuwasi alipendeza kwa sababu hakuwa na askari, mhuri wala saini. Akivipata hivyo hawi tena Abunuwasi: amekuwa Sultani, tena Sultani hodari wa kuthibitisha kwamba sufuria ya zahanati imekufa na jenereta la shule limekwenda kuzaa. Mwanafunzi, mwanaharakati na mtumishi wa ofisini hawana haja ya kuzitupa hadithi hizi. Wazisome kwa swali moja: katika kisa hiki, aliyelaghaiwa ni nani? Ikiwa ni dhalimu, tucheke. Ikiwa ni waliochimba kisima, basi tumtafute Kobe, na tukimpata tusimcheke kwa mwendo wake.