Ukuta Mwekundu wa Chasselay

Chasselay ni kijiji kilicho kaskazini ya jiji la Lyon, Ufaransa. Dada yangu anafanya kazi Lyon, na nilipomtembelea nilimwomba anipeleke huko. Akacheka. "Wenzio huomba kuona Paris, wewe waniomba makaburi!"

Basi tukaenda. Katikati ya mashamba ya Wazungu umesimama ukuta mwekundu, minara yake imechomoza vijiti kama misikiti ya udongo ya Mali. Jina lake Tata. Ndani yamo makaburi 196, karibu yote ya vijana wa Afrika Magharibi waliokuwa katika jeshi la Ufaransa.

Juni 1940 Ufaransa ilikuwa imekwisha kushindwa, na Lyon yenyewe ilitangazwa kuwa mji usiopiganiwa. Hata hivyo vijana wale waliamriwa kuzuia njia, wasirudi nyuma. Wakapigana tarehe 19 na 20. Walipotekwa, Wajerumani wakawatenga: weupe huku, weusi kule. Wale weusi wakapelekwa shambani, wakamiminiwa risasi kutoka kwenye vifaru. Kiasi cha 50 walikufa pale, mikono mitupu. Picha zilizopigwa na askari wa Kijerumani zilikuja kujulikana mwaka 2019.

Mfaransa mmoja, Jean Marchiani, hakukubali waoze ovyo. Alikusanya maiti vijiji vya jirani, akajenga Tata, na udongo ukaletwa kwa ndege kutoka Dakar. Ilifunguliwa tarehe 8 Novemba 1942. Siku tatu baadaye Wajerumani wakaiteka na sehemu hiyo ya Ufaransa.

Nikapita safu kwa safu nikisoma mawe. Mengine hayana jina, yana neno moja tu: Inconnu.

"Maana yake nini, dada?"

"Asiyejulikana."

Mie nikanyamaza. Baba yake bibi yetu alichukuliwa Keya, akapelekwa Burma kupigana vita hivyo hivyo, hakurudi. Nyumbani hatuna picha yake wala barua. Shuleni nilisoma vita hivyo kwa majina ya Hitler na Churchill, nikajibu mtihani, nikapita. Jina la babu yetu sikuliuliza hata siku moja!

Jioni ile tulimpigia bibi simu. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Miaka yote hii hakuna aliyeniuliza." Akalitaja jina, taratibu, mara mbili, nami nikaliandika.

Je, wewe mwenzangu unayeshika kalamu, umekwisha kumwuliza bibi yako?