Kauri Ndani ya Nyonga: Usiuziwe "Mpya" Bila Historia

Ukisikia kauri, si unafikiria kikombe kikianguka sakafuni? Basi kuna watu wametembea nayo ndani ya nyonga miaka 20 na zaidi. Wanapanda ngazi, wanakimbizana na matatu. Stori ya vile ilifika huko inatuhusu sisi vijana kuliko tunavyodhani.

Juu ya mfupa wa paja kuna kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Kikiharibika, kila hatua ni maumivu. Mwaka 1891, Themistocles Gluck wa Berlin alijaribu kichwa cha pembe ya ndovu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Mwingereza John Charnley akaweka kikombe cha Teflon, ile ile ya kikaango. Wagonjwa wakatembea fiti kabisa. Miaka michache baadaye ikasagika vibaya, ikabidi wafunguliwe tena. Mwaka 1962 akahamia plastiki ngumu, na operesheni ikaenea duniani.

Shida ni kwamba plastiki nayo huliwa polepole. Vumbi lake huchokoza seli za kinga, zinaanza kula mfupa, kiungo kinalegea. Mzee wa miaka 80 anaweza kumaliza safari yake kabla ya hayo. Msee wa miaka 25 je?

Hapo ndipo Pierre Boutin, daktari wa mji wa Pau, Ufaransa, akaja na kauri mwaka 1970: kichwa cha alumina ndani ya kikombe cha alumina. Za kwanza zilisumbua. Zingine zilipasuka, na vikombe vingi vililegea kwa sababu havikushikana vizuri na mfupa. Lakini zile zilizoshika, madaktari walizifuata karibu miaka 20 wakakuta zimelika kidogo mno.

Ati basi tumeshinda? Ngoja. Kauri nyingine, zirkonia, ilisifiwa kuwa ngumu zaidi kuvunjika. Mwaka 1998 mtengenezaji mmoja mkubwa alibadilisha aina ya tanuri, na vichwa vya mafungu fulani vikaanza kupasuka ndani ya watu. Mwaka 2001 vikarudishwa. Tanuri tu, bana! Halafu mwaka 2010 ikaja zamu ya nyonga ya chuma juu ya chuma, iliyouzwa kama dawa ya vijana wanaopenda mazoezi: kama 93,000 za aina moja ziliitwa zirudi. Rejista ya Australia, inayoandika kila kiungo kinachowekwa, ndiyo iliyoonyesha mapema kwamba kuna noma.

Kauri ya sasa ni mchanganyiko wa alumina na zirkonia, ya rangi ya waridi. Kupasuka ni nadra sana, ingawa kuna watu ambao nyonga zao hulia kama mlango usiotiwa mafuta. Na utafiti uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2019, ukijumlisha nyonga bandia za kila aina, ulikuta takriban 58 katika kila 100 hudumu miaka 25. Namba hiyo ipo kwa sababu kuna mtu aliandika, akaendelea kuandika.

Mimi naona hiyo ndiyo hoja yenyewe. Maabara haiwezi kukupa miaka 25 kwa wiki moja, na tangazo halina kumbukumbu. Hapa Kenya tuna vijana wenye selimundu, ugonjwa unaoweza kuziba damu isifike kwenye kichwa cha paja mpaka mfupa ufe. Tuna ajali za bodaboda. Mtu akibadilishiwa nyonga akiwa na miaka 22, huenda akafunguliwa tena siku moja, pengine na daktari ambaye bado yuko shule ya msingi. Huyo daktari atahitaji kujua alichowekewa.

Kwa hivyo kama ni wewe, au dada yako, uliza kabla: ni aina gani, na imefuatiliwa miaka mingapi? Baada ya operesheni, itisha ile stika yenye namba ya kifaa, ile hubandikwa kwenye faili. Ipige picha, mtumie mama, ihifadhi. Faili hupotea, lakini nyonga utabaki nayo.